Kifundo Mfukoni mwa Sweta

Daktari alipomkataza mamangu chumvi kwa sababu ya presha, nilimtoa kwake Gatuanyaga nikamleta kwangu Ruiru ili nimpikie mwenyewe. Githeri ya mahindi na maharagwe nikaitia tangawizi, kitunguu saumu na dania niliyokuwa nimeipanda kwenye mkebe pale dirishani. Alionja, akasukuma sahani.

"Hii ni majani ya ng'ombe."

Wiki hiyohiyo, nikifua sweta yake, nilipata chumvi mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa. Niliimwaga yote kwenye sinki mbele yake.

Tangu hapo nilimchunga kama askari jela. Jumapili moja, tukiwa mezani na watoto, niliona mkono wake umeingia mfukoni na hautoki. Nikangoja. Akala kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, na mkono bado uko ndani. Damu ikanichemka.

"Toa hiyo kitu, mama! Unataka kujiua kwangu?"

Watoto waliacha kutafuna. Mama aliweka kitambaa mezani, nami nikakifungua kwa pupa. Ndani mlikuwa na mbegu kavu za dania.

"Nilizitoa kwa ule mkebe wako," akasema. "Nataka kuzipanda nyumbani nikirudi. Niliogopa kukuomba."

Akavuta sahani yake karibu, akamaliza githeri yote polepole. Mimi yangu ilikataa kushuka.