Vifaranga wa Bukini Niliowakanda Mafuta

Enzi za Mwingereza, sisi watoto wa Temeke tulijua mengi kuliko tuliyofundishwa, na mimi nilijua kuliko wote. Ndivyo nilivyojiona. Kwenye mchezo wa rede nilikuwa mwamuzi hata nisipoitwa, na akiugua paka wa jirani, mimi ndiye niliyetangaza anaumwa nini. Nilikuwa na miaka tisa, meno mawili ya mbele hayapo, na sikumbuki siku hata moja niliyosema "sijui".

Mwaka ule nyumbani kwetu yaliingia mambo mawili makubwa. Baba, aliyekuwa mpishi kwa Mzungu mmoja mjini, alimwaga sakafu ya saruji chumba cha mbele, ya kwanza uchochoroni kwetu. Tuliipaka rangi nyekundu, na kila asubuhi niliisugua kwa kumbi la nazi mpaka nikaliona pengo langu humo. Kisha mama akajifungua mdogo wangu wa kiume, na bibi, mzaa mama, akahamia kwetu kumlea mzazi. Nyumba nzima ikanukia mafuta ya nazi na uji wa pilipili manga. Kila siku bibi alimlaza mtoto juu ya miguu yake, akamkanda mafuta, akamnyoosha viungo, akampaka wanja kwenye paji la uso na kumfunga uzi mweusi mkononi kuzuia kijicho. Ole wake amsifuye mtoto bila kusema mashallah.

Nikanuna. Tangu mtoto aje, hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Baba aliniona, na siku moja akarudi na mayai manne ya bata bukini aliyopewa kazini, tukamwekea kuku wetu aliyekuwa anaatamia.

"Wakitoka ni wako," akasema. "Ila uwalee mwenyewe. Wakikushinda, usinililie."

Baada ya kama mwezi wakatoka wote wanne, wa manjano, wanene, wenye miguu mikubwa kuliko akili zao. Niliwapenda kuliko nilivyompenda mdogo wangu, Mungu anisamehe. Siku ya pili tu nikamnyang'anya kuku, maana mzazi anayejiheshimu hamtoi mtoto nje kabla ya arobaini. Nikawaweka chumba cha mbele, juu ya sakafu yangu inayong'aa. Asubuhi na jioni niliiba mafuta ya bibi, nikanyoosha miguu yangu, nikawalaza juu yake mmoja mmoja na kuwakanda mapaja, magoti, mpaka utando wa vidole. Wanja niliwapaka. Chakula chao kilikuwa uji wa pilipili manga. Walipiga chafya, nami nikasema hiyo ni shibe.

Siku ya tatu akaja Mama Eliya kumwona mama. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mgeni kutoka bara, mke wa karani. Akawaona vifaranga wangu akapiga makofi. "Jamani, wazuri hawa! Wanene!" Mashallah hakusema. Kwao haikuwa desturi, lakini nani angeniambia kitu?

Jioni ile ile kifaranga mmoja akashindwa kusimama. Mguu huu ulikwenda kulia, huu kushoto, kifua kikabaki chini. Kulipokucha wakawa wawili, mchana watatu. Nikazidisha mafuta, nikaisugua sakafu zaidi ili nitoe nuksi. Kisha nikajitwika debe, nikaenda bombani kutangaza ugonjwa kama kawaida yangu.

"Mama Eliya ana kijicho," nikawaambia wanawake waliopanga foleni ya maji. "Kawasifu bukini wangu, miguu imelegea yote."

Neno la mtoto lingepita tu, lakini yeye alikuwa mgeni. Kesho yake alipoweka debe lake, wenzake walisogeza yao. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe kwa kanga mpaka Mama Eliya alipopita. Niliyaona yote kwa macho yangu, na ukweli ni kwamba nilijisikia mkubwa kwa kuwa nimeaminiwa.

Siku iliyofuata yule kifaranga mdogo kuliko wote alikufa mapajani pangu. Nililia kwa sauti ambayo nadhani iliwafikia watu wa mtaa wa Keko. Mama Eliya akaingia, na habari zake za bombani alikuwa ameshazisikia.

"Zuhura, unalia nini?"

Hata shikamoo sikumpa. "Si unajua mwenyewe!"

Akachuchumaa, akamwinua kifaranga mmoja sakafuni, akamponyoka. Akanusa vidole vyake. "Umewapaka nini?"

"Mafuta. Nawakanda."

Akaitazama sakafu, akaburuza unyayo, ukateleza. "Mwanangu, mie mwenyewe humu natembea kwa kushika ukuta. Sembuse hawa wa juzi?"

Akawaosha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akatandika gunia kavu. Akachana kipande cha kanga yake kuukuu, akawafunga kila mmoja miguu yote miwili, akiacha nafasi ya kupiga hatua lakini si ya kutanuka. Nikatumwa kuchuma nyasi laini na mchicha. "Hawa wanataka majani," akasema. "Uji mwachie mama yako, ndiye aliyejifungua." Baada ya siku tatu walisimama. Wiki haikuisha, walikuwa wakimkimbiza kuku uani.

Bibi alikuwa ameyasikia yote. "Yale maneno uliyoyapeleka bombani," akaniambia, "nenda kayarudishe."

Nilikwenda asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Nikasema Mama Eliya hana kijicho, ni mimi niliyewapaka bukini mafuta na kuwatembeza juu ya sakafu iliyosuguliwa. Walicheka mpaka maji yakafurika. Wakaniita Mkunga wa Mabata, na jina hilo lilinifuata hadi siku ya harusi yangu. Lakini yule mwanamke wa kanga aliendelea kumfunika mwanawe, na hilo sikuweza kulirudisha. Siku ile aliyeniinulia debe na kunitwika kichwani alikuwa Mama Eliya. Nilitamani ardhi inimeze mimi na debe langu.

Nikiwasimulia wajukuu, wananihurumia. "Bibi, si ungeangalia tu kwenye simu?" Ningeangalia, kweli. Kwa dakika moja ningejua habari za sakafu, majani na kufunga miguu, na wala nisingemchafua mtu. Wao hujua kila kitu bila kuaibika, nami nawaonea wivu kidogo. Ila nyumba yangu ya sasa ina ukuta na geti, na ya jirani yangu vilevile. Huu mwaka wa saba nasikia gari lake likiingia jioni, nasikia mtoto wake akilia. Jina la jirani huyo silijui. Hata nikitaka kumsingizia, sina pa kuanzia.