Ijumaa Niliyowapikia Watu wa Kreshi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinionee huruma. Huruma nilishapewa nyingi na haikunisaidia kitu. Someni mjue kosa nililofanya, maana nililifanya na adabu zangu zote, na hakuna mtu aliyenilazimisha.

Tulikuwa tunakaa Point, mtaa wa Durban huko Afrika Kusini, chumba kimoja katika ghorofa la zamani karibu na bandari: mimi, binti yangu, mume wake, na mtoto wao wa kike wa miaka minne. Tulitoka Uvira, Kongo, wakati wa vita. Binti yangu alikuwa anasuka nywele saluni huko mjini, mume wake analinda magari ya watu, mimi ninauza sabuni na vitambaa kando ya barabara. Mtoto alikuwa anashinda chini ya meza yangu. Hakuwa anaongea. Aliachia maneno njiani, mahali ambapo sitapataja, na mwaka mzima wa Durban ukapita hatujasikia kwake hata neno "maji". Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole. Akikosa, analala.

Halafu tukasikia kuna kreshi ndogo nyuma ya kanisa, watoto kama ishirini, mwalimu mmoja. Mwalimu alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Durban hapo hapo, mwembamba, anayetembea haraka. Alimpokea mtoto bila maswali mengi. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba huyu haongei. Akasema, "Sawa, gogo. Wengine hapa wanaongea kupita kiasi, watasaidiana." Gogo ni bibi kwa Kizulu; hapo wote waliniita hivyo.

Huku kusini joto linapungua mwezi wa nne, wanasema ni majira ya majani kuanguka. Durban majani hayaanguki sana, miti mingi inabaki kijani tu. Yule mwalimu hakukubali. Aliwapakia watoto kwenye taksi mbili, zile basi ndogo za huku, akawapeleka Westville, ambako watu wenye nyumba kubwa wamepanda miti ya kigeni, wakaokota majani mekundu na ya manjano chini ya kuta za wenyewe. Yakakaushwa ndani ya vitabu vya simu, yakabandikwa kwenye madirisha. Watoto walipanda kabichi ndani ya matairi yaliyoisha. Jumamosi wazazi walikuja kusaidia, wengine na majembe, wengine na midomo tu.

Siku ya Westville mtoto alirudi na jani moja mkononi. Nilitaka kulichukua nisafishe mikono yake. Akalivuta, akasema, "Yangu."

Binti yangu alikuwa anachagua mchele. Alisimama, mchele wote chini. Sikumgombeza. Mwezi ule mtoto aliongeza maneno, kidogo kidogo, mengine ya kwetu, mengine ya Kizulu ambayo sisi hatukuyajua. Alikuwa anahesabu ngazi tukipanda. Baba yake alikuwa anamngojea mlangoni asikie ile hesabu.

Lakini kulikuwa na wazazi ambao hawakututaka. Walisema nafasi ni chache, na watoto wa hapa wanangoja nje wakati wageni wako ndani. Mwalimu aliniita pembeni.

"Gogo, Jumatatu kuna kikao cha wazazi. Wataamua nani anabaki. Ijumaa ni siku ya kula pamoja, nimekupa wewe zamu ya kupika. Wakishakula chakula chako, itakuwa vigumu kusema hapana."

Majira yale kila Ijumaa familia moja ilikuwa inapika, na wazazi wote wanakula uani na watoto wao. Nilielewa vizuri. Sufuria yangu ndiyo ingemsemea mtoto.

Nilipika maharage na mawese, wali, na sombe, majani ya muhogo, niliyoitwanga mwenyewe mpaka bega likauma. Binti yangu akanicheka. "Mama, ukipika hivi watakuoza kwa Mzulu."

"Anioe na meno yangu haya matatu? Funika sufuria."

Yeye na mume wake walikuwa kazini, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nilipanga sahani, nikafunua sufuria, nikarudi nyuma nikasimama ukutani na mikono imefungwa. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mpishi hali mbele ya wageni. Anasimama, wanakula, wanashiba, yeye atakula kilichobaki jikoni. Mama yangu angenipiga ningeshika kijiko kabla ya mgeni.

Akina mama wakaja, wakaangalia. Mmoja, mnene, mwenye koti la kazi la hospitali, akauliza, "Hiki chekundu ni nini?"

"Mafuta," nikasema. "Mazuri."

"Basi kula, gogo."

"Hapana, mama. Kuleni ninyi."

Wakaangaliana. Akasema tena, sasa anacheka kidogo, "Kula hata kidogo. Au umeshiba kwa harufu?" Wengine wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ananiheshimu, ananikaribisha mimi mkubwa. Nikakataa mara ya pili. Mara ya tatu nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa. Nilijiona nimelelewa vizuri.

Hapo mtoto akapita katikati ya miguu ya watu, akafika kwenye sufuria, akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Bibi, nataka sombe." Maneno matatu. Hajawahi kusema matatu pamoja. Akaingiza mkono.

Nikampiga ule mkono. Nilimpiga vizuri, kofi lilisikika. Mtoto hatangulii wageni.

Yule mwenye koti akamvuta mwanawe, akaweka sahani chini bila kishindo. Wengine wakafuata. Mmoja alisema ana basi la kuwahi. Mwalimu alijipakulia wali, akala akiwa amesimama, peke yake. Mtoto alikaa karibu na matairi ya kabichi, ule mkono ndani ya kwapa. Nilirudi nyumbani na sufuria nzito kama nilivyokuja nayo.

Jumatatu, baada ya kikao, mwalimu aliniambia nafasi imepewa mtoto mwingine. Nilimshika mtoto mkono tukaenda barabarani, akaingia chini ya meza.

Kando yangu alikuwa anauza mama mmoja Mzulu, anauza mahindi ya kuchoma. Wiki hiyo alinitania, "Wewe gogo, mwaka mzima tunakaa hapa, ukila unanigeuzia mgongo kama bibi arusi. Unaficha nini?" Nikamwambia mpishi na mkubwa hawali mbele ya watu, na kwa uchungu nikamwambia yote ya Ijumaa. Aliacha kupepea mkaa.

"Hukuonja?"

"Nitaonjaje mbele ya wageni?"

"Eish, gogo. Kwetu hata pombe, aliyeipika anakunywa kwanza, watu waone haina kitu kibaya. Walikuomba mara tatu. Halafu ukamzuia mjukuu wako asile."

Niliacha meza kwake nikaenda kreshi kwa miguu. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilidhani umefunga. Kwetu Wahindi wengi wanafunga Ijumaa." Akafuta macho. Alisema atawaambia wazazi, na nadhani aliwaambia. Lakini yule mtoto mwingine alishakaa kwenye kiti, naye ana bibi yake, na bibi yake hakufanya kosa lolote.

Mtoto wetu hakuongea tena mwaka ule. Wala hakuhesabu ngazi. Jioni baba yake alikuwa anamshikia pipi, "Sema yangu, sema yangu, nitakupa," na mama yake anamwimbia nyimbo za Kizulu alizookota saluni, zote vibaya. Mtoto anawaangalia. Nikipakua chakula, haleti sahani. Anaangalia mkono wangu kwanza.

Jioni moja tulikuwa na mgeni, mzee wa kanisa, na binti yangu akapeleka sahani ya kwanza kwa mzee, kama nilivyomfundisha. Mtoto alikuwa kwenye kona yake. Nikainuka, nikaichukua ile sahani mbele ya mzee, nikaiweka mbele ya mtoto, nikawaambia wote wawili, binti yangu na mume wake: "Sikieni. Kuanzia leo katika nyumba hii mtoto anapakuliwa kwanza, mgeni awepo asiwepo, na mtu asimwombe kusema chochote."