Meza ya Wawili

Hoteli ile ya ufuoni, nje kidogo ya Kisumu, haipokei watoto, na ndiyo sababu tuliichagua. Wetu tuliwaacha kwa wifi yangu. Mchana tulilala kifudifudi, mimi na mume wangu, vitanda viwili sambamba, tukisubiri kukandwa.

Mama mkandaji alianza na yeye. Huku akimkanda mgongo, aliniuliza mama yangu alizaliwa wapi. Nikasema Kombewa, nikamtaja babu, baba yake mama. Mikono yake ikasimama.

"Babu yako ni ndugu wa baba yangu."

Basi alikuwa mama yangu mdogo, na mgongo alioupaka mafuta ulikuwa wa mkwe wake. Kwetu mkwe haguswi. Alimfunika taulo hadi kisogoni, akatoka kinyumenyume. Mume wangu hakuinua uso.

Jioni tuliandaliwa meza ya wawili kando ya ziwa, yenye mishumaa na maua. Mume wangu alikataa kutoka chumbani, kwa kuwa mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, naye mama mdogo alikuwa bado hotelini. Mimi sikuulizwa. Samaki wake alipelekewa huko huko.

Mama mdogo alipomaliza kazi alikuja akakalia kiti cha mume wangu. Alinitazama, akasema nimekonda, kisha akauliza watoto nimemwachia nani.