Mizani ya Baruti ya Mjomba

Mimi kwa kubana bei sina mpinzani. Najisifu, ndiyo, na atakayebisha aende Zhanqian, kule Guangzhou, China, akawaulize wenye maduka ya nguo. Mwishoni mwa miaka ya tisini wakiniona naingia tu walikuwa wanashika vichwa.

Safari moja mjomba wangu aliniagiza mizani. Si mizani ya sukari, bali ile ndogo ya sonara, ya mawe, isiyotaka betri. Mjomba alikuwa na shamba la mahindi Kilosa, bunduki yenye kibali, na vita visivyokwisha na nguruwe pori. Nyama yao hatuli. Yeye alitaka tu watoke kwenye mahindi yake. Risasi za dukani zilikuwa adimu, kwa hiyo alizijaza mwenyewe. Akishapiga huokota maganda, huyasafisha, kisha huketi mezani kupima baruti ya kila ganda peke yake, redio imezimwa. Ole wako umsemeshe!

Mizani yake ya zamani ilipoliwa na kutu, akaanza kukadiria kwa kijiko. Siku moja akazidisha. Bunduki ikampasukia usoni, jicho la kushoto likaenda. Nilimlilia aache, akanijibu, "Mwanangu, nguruwe hawajaacha." Basi kama haachi, angalau apime vizuri lisije likaenda na la pili.

Guangzhou niliiona mizani kwenye duka la vifaa vya masonara. Laoban, yaani bosi mwenye duka, akaniandikia bei kwenye kikokotoo. Nikapiga ukelele, "Tai gui!" ghali mno, nikamnyang'anya kikokotoo nikaandika yangu. Akafuta, nami nikafuta. Nikajifanya naondoka. Mlangoni akaniita, akakubali, akaingia stoo akanitolea moja ndani ya boksi. Nilitoka pale kichwa kimevimba.

Hotelini, kabla sijala chakula cha mchana, moyo ukanituma niijaribu. Mkononi nilikuwa na bangili ya mahari yangu, na uzito wake naujua kama jina langu, maana sonara aliupima mbele ya mama na shangazi zangu wote. Nikaiweka, ikapungua. Nikaiweka tena, ikazidi. Mara ya tatu ikaja na uzito mwingine kabisa. Nikakaa kitandani.

Sisi wanunuzi wa kule tulilijua jambo hili. Ukimbana sana mwenye mali hakukatalii, anakupa mzigo wa bei yako. Jinzi ya viwanda vya Xintang inachuja, mkoba wa soko la Shiling unaachia gundi, mteja ananuna, yanaisha. Lakini hili lilikuwa jicho la mjomba, na mimi nilikuwa nimelibania bei. Wallahi nilijichukia siku ile.

Nikarudi dukani na boksi lake. Nikachukua kikokotoo, nikaandika bei yake ya mwanzo. Laoban akaitazama namba, akanitazama mimi, akacheka mpaka akamwita mkewe aje aone. Kisha akaishusha mizani ya kwenye kabati la kioo, ile ile niliyoionyesha kidole tangu mwanzo. Nikavua bangili. Tukaipima mara tatu, na sasa hacheki tena, ameinamia sindano pamoja nami. Mara zote tatu ilikuja na uzito wa sonara wetu.

Mjomba alipoifungua kule Kilosa, aliigeuza huku na huku mbele ya jicho lake, akauliza, "Haya, mwanangu, walikupunguzia ngapi?"

"Hawakupunguza kitu."

"Wewe?"

"Mimi, mjomba."

Akaitua mizani mezani. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kile kijiko cha baruti, akaniwekea kiganjani.

"Kakitupe," akasema.

Nilikitumbukiza chooni kwa mkono wangu mwenyewe, nikasimama pale pale mpaka niliposikia kimegota chini.