Nilimjengea baba mkwe choo cha ndani, akawa anakwenda cha jirani

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristu. Ambao si wenzangu kwa dini, habari za jioni.

Haya ni ya kweli, yametokea nyumbani kwangu hapa Sumbawanga. Kesho Jumapili nataka kupokea komunyo, kwa hiyo siwezi kukaa hapa nawatungia uongo.

Mume wangu ni mtu wa Tukuyu, mtumishi wa serikali, alihamishiwa huku akanikuta. Mimi ni Mfipa, Mkatoliki. Baba yake hakuipenda ndoa yetu kwa sababu ya dini. Miaka kumi na tisa hajakanyaga kwangu.

Miezi miwili iliyopita akampigia mwanawe simu: "Mwezi ujao nakuja kuwaona. Nitakaa siku tatu."

Nikapiga magoti kushukuru. Nilipoinuka nikakumbuka choo.

Kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawakai karibu, na choo kimoja hawachangii. Sisi nyumba nzima tuna choo kimoja. Nikasema hapana, huyu mzee hatakosa heshima kwangu. Tukatoa magunia ya mahindi stoo, nikaanza kuchora choo cha wageni.

Hapa mniruhusu nijisifu kidogo. Nilirudi shule ukubwani, madarasa ya jioni, mtoto mgongoni. Kuchora kwa skeli nilifundishwa. Stoo ina upana wa mita moja na nusu kasoro, urefu mbili na nusu. Nikachukua karatasi ya grafu, kila mraba sentimita kumi.

Sinki dogo la kona karibu na mlango. Choo cha kukaa katikati, kwa ajili ya magoti ya mzee, na chuma cha kushikilia pembeni. Bafu mwisho, chini ya kadirisha, na hita, maana baridi ya huku mnaijua. Mlango ukifungukia ndani unagonga sinki, nikaugeuza ufungukie sebuleni.

Kwenye karatasi kila kitu kilikaa kama mayai kwenye trei.

Fundi wangu, mtu mzima wa Chala, akaiangalia, akajikuna kichwa.

"Mama, mlango huu unatazama meza ya chakula."

"Ndiyo vizuri, mgeni asihangaike kuutafuta."

"Sawa mama. Wewe ndiye uliyesoma."

Wakuu, niliichukua kama pongezi.

Mzee akaja. Nikamsalimia kwa mbali, goti chini, macho chini. "Shikamoo baba." "Marahaba mama." Mume wangu akamwonyesha choo, akawasha hita, akavuta maji ili mzee asikie yanavyofanya kazi.

"Kizuri sana," mzee akasema.

Nikaweka mezani ugali wa ulezi na samaki, migebuka niliyoagiza ziwani Wampembe. Alikula matonge mawili, akanawa. Chai, nusu kikombe. Asubuhi uji akaugusa tu. Ila kila baada ya muda anachukua fimbo, "nanyoosha miguu kidogo," anatoka.

Siku ya pili nikalia jikoni.

"Baba yako hajaja kutuona," nikamwambia mume wangu. "Kaja kunionyesha kwamba bado hanitaki. Hata chakula changu hakimpiti kooni."

"Wazee wanakula kidogo, mama Neema."

"Mzee mwenye kifua kile? Matonge mawili?"

Nikaanza novena, sala ya siku tisa, ingawa hesabu ilinionyesha mzee ataondoka kabla sijafika katikati.

Mchana huohuo jirani yangu Mama Skola akaniita uani.

"Jamani mkwe wako ana adabu! Kila akija chooni kwangu anabisha hodi kwanza."

"Chooni kwako?"

"Tangu jana. Nikajua chenu kimeziba. Au kile cha tailizi ni cha kupigia picha?"

Nikamtuma mume wangu akamuulize baba yake. Mimi nikasikiliza nikiwa jikoni, na dhambi hiyo nimeshaiungama.

"Choo kizuri, sina neno," mzee akasema. "Lakini mke wako yuko pale mezani anapakua, mimi natoka mlangoni nimeshika suruali, maji yananguruma nyuma yangu. Nitatazama wapi? Nikaona nile kidogo, nisimvunjie heshima."

Nikakaa chini sakafuni. Siku mbili namlalamikia Mungu juu ya mtu aliyekuwa anashinda njaa kwa ajili ya heshima yangu.

Kwenye ile grafu niliweka sinki, choo, bafu, hita. Sikuweka mtu hata mmoja.

Fundi akarudi. Mlango wa sebuleni tukauziba, tukatoboa ukuta wa nyuma, mtu aingilie uani. Choo hakihami kwa sababu ya bomba la maji taka, kwa hiyo sinki na bafu vikabadilishana nafasi, na mteremko wa sakafu ukageuzwa. Mzee akaingia mwenyewe ndani na futi kamba. Mimi niko jikoni na karatasi yangu. Fundi katikati, mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

"Mama, mzee anauliza sinki litakaa wapi."

"Mwambie kona ya mlango mpya."

"Anasema litamgonga mgeni kiunoni."

"Mwambie ni dogo."

"Anasema kiuno chake ndicho si kidogo."

Nikamsikia mzee anacheka huko ndani. Sikuwahi kukisikia kicheko chake.

Kazi ilipokwisha alikula sahani nzima, akaomba ugali mwingine.

Nilichojifunza: ukipanga choo cha wageni, kabla hujapima sinki, fungua mlango kichwani mwako uone nani amekaa nje. Na mtu akikataa chakula chako, usikimbilie kuhukumu moyo wake. Uliza kwanza anaingilia wapi chooni.

Zile siku tatu sasa ni wiki ya tatu. Ninavyoandika hapa, yeye na fundi wanapima jiko langu. Anasema limekaa vibaya.

Wakuu, mwenye kujua namna ya kumkatalia baba mkwe bila kumtazama usoni, aandike hapa chini haraka.