Folda Mbili za Sauti

Kazi yangu ni kufundisha fizikia katika sekondari moja hapa Kibiti. Mambo ya kompyuta yalinijia tu. Miaka kadhaa iliyopita shule za upande wetu ziligawiwa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika kwingine, nzito kama mafiga, na zote zikawekewa mfumo wa Linux kwa sababu zilikuwa za zamani mno kubeba kitu kingine. Walimu watatu tulipelekwa semina ya wiki mbili. Wenzangu wawili wakahama. Nikabaki mimi, na namba yangu ya simu ikasambaa mpaka delta, kule mto unakoingia baharini.

Tangu hapo sijapumzika. Printa inakubali kuchapa halafu haitoi karatasi. Mtu akibonyeza Z inatoka Y, kwa kuwa kibodi imejigeuza kuwa ya lugha ya watu wengine. Mtandao upo lakini kurasa zinakataa kufunguka. Hiyo karibu kila mara ni saa. Ndani ya mashine kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, ikifa, kompyuta inaamka kila asubuhi ikidhani ni mwaka ambao umeshapita zamani, na mtandao hauiamini. Namwelekeza mtu arekebishe tarehe, anarekebisha, kesho yake ananipigia kwa shida ileile. Haya nimeyajibu nikiwa jikoni, nikiwa msibani, nikiwa kwenye foleni ya zahanati na miguu imenivimba. Salamu moja, kisha kompyuta.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kata ya Maparoni hakuwa hivyo. Yeye akipiga ataniuliza kwanza magoti yanaendeleaje, ataniuliza mvua, ndipo aseme shida yake. Kwa hiyo siku aliponipigia na kuanza na kompyuta moja kwa moja, nilijua ana haraka.

"Dada, inaniomba neno la siri. Naandika. Inakuwa nyeusi kidogo, halafu inarudi palepale kuniomba tena."

"Umeandika sawasawa?"

"Nimeandika mara ishirini. Nikikosea inaniambia nimekosea. Nikipatia hainiambii kitu, inanirudisha tu mlangoni."

Alikuwa na majina ya watahiniwa wa darasa la saba humo ndani, na yalitakiwa yatumwe kesho yake. Nilijaribu kumwongoza kwa simu. Nilimwambia abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja ili atokee kwenye skrini nyeusi ya kuandikia amri. Akatokea. Nikamtajia amri herufi moja moja.

"Kistari," nikasema.

"Kipi, cha katikati au cha chini?"

"Cha katikati."

"Nimeweka. Inasema haijui hicho kitu."

"Umeacha nafasi kabla ya kistari?"

Simu ikakatika. Tulirudia hivyo karibu saa nzima, mimi nimesimama nyuma ya maabara mahali penye mtandao, yeye ofisini kwake anapanda kiti kutafuta mtandao na kushuka kuandika. Mwisho nikasema nitakuja.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Nyamisati, na kutoka pale boti ya mashine. Nilishuka nimelowa sketi mpaka magotini. Mwenye boti akaniambia bila kunizungusha kwamba maji yakianza kutoka kwenye mkondo hatapita, kwa hiyo nina saa mbili, zikizidi nitalala huko. Mimi nilikuwa na vipindi asubuhi iliyofuata na nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Mwalimu mkuu alinipokea kwa maji ya madafu, akanionyesha mashine, akaniachia neno lake la siri, kisha akasema, "Ngoja nikamshike yule wa boti, nimwombe akuvumilie. Nikimwacha peke yake ataondoka." Akaenda bandarini kwa miguu. Mimi nikabaki ofisini na msaidizi wake, mwalimu mdogo wa kike aliyekuwa amehamia shuleni pale muhula ule.

Niliingia kwenye skrini nyeusi na kuuliza diski imejaa kiasi gani. Imejaa yote. Hapo shida ilikuwa imejieleza yenyewe. Linux ikikosa hata nafasi ndogo ya kuandika vitu vyake vya muda, haiwezi kukufungulia meza yako ya kazi. Inakubali neno lako la siri, inajaribu, inashindwa, inakurudisha. Dawa yake ni kufuta kitu chochote kisichohitajika, chochote kile, kisha uingie.

Nikatazama mafaili ya mkuu. Kulikuwa na folda mbili kubwa. Moja iliitwa Sauti, nyingine Sauti2. Ndani ya kila moja mlikuwa na rekodi thelathini na moja, zenye majina yaleyale: 01, 02, 03, mpaka mwisho.

"Hizi ni nini?" nikamuuliza yule mwalimu.

"Za mkuu hizo. Anarekodi wazee wakizungumza Kindengereko. Nadhani moja ni kopi."

"Una hakika?"

"Nadhani, mwalimu."

Ukubwa wa mafaili haukulingana. Niliuona. Namba zilikuwa mbele ya macho yangu, upande wa kulia, na 01 ya huku haikuwa sawa na 01 ya kule. Niliuona nikajiambia labda mkuu amezipunguza ukubwa, na nikasikia mtu nje akisema maji yameanza kugeuka. Nikaandika amri ya kufuta Sauti2. Amri ile haikuulizi mara mbili, wala haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Mshale ukashuka mstari mmoja, basi.

Nikawasha upya. Neno la siri likapita. Yule mwalimu akapiga makofi. Akawasha mtandao wa simu yake, akaiweka dirishani mahali panaposhika, na tukatuma majina ya watahiniwa. Ilichukua muda, lakini yalikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikanyoosha miguu, na nikajisikia mtu mwenye manufaa.

Mwalimu mkuu akarudi akihema, anacheka. Mwenye boti amekubali kusubiri nusu saa zaidi. "Basi kaa kidogo nikusikilizishe mama yangu," akasema, akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Wewe ni Mmatumbi, utamwelewa nusu. Za kwanza nilimrekodi nyumbani, alikuwa anaona aibu. Za pili nilimrekodi shambani kwenye mpunga, wiki tatu kabla hajafariki. Hapo ndipo aliposema."

Akafungua folda. Akaifunga. Akafungua nyingine. Mshale wa kipanya ukawa unazunguka polepole kwenye skrini.

Ningeweza kungoja aulize. Nilitamani kungoja.

"Mkuu," nikasema, "nimeifuta."

"Umeifuta?"

"Nilidhani ni kopi."

"Si itakuwa kwenye pipa?"

"Haiko kwenye pipa."

Yule mwalimu msaidizi akainuka akatoka nje. Mkuu hakugeuka kunitazama. Nikamuuliza kama simu aliyorekodia bado anayo. Ilianguka majini mwaka jana, akasema, wakati anavuka kwenda kikao. Nikauliza flashi. Hapana. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu maswali ya fomu.

Kitu pekee nilichokijua ni kwamba faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kompyuta inasahau tu lilipokaa, na mahali pale panabaki na kitu chake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na sisi tulikuwa tumeiacha mashine ikiwaka zaidi ya saa nzima, inaandika. Nikachomoa waya wa umeme ukutani bila hata kuizima. Nikaomba bisibisi, haikuwepo, nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu cha jikoni. Nikaitoa diski.

"Nipe niende nayo," nikasema. "Siwezi kukuahidi kitu."

Aliishika muda kidogo kabla ya kuniachia. Kisha akasema boti inanisubiri.

Wiki iliyofuata nilikuwa kila siku baada ya vipindi najifungia maabara. Niliunganisha ile diski kwenye mashine nyingine, nikawasha programu inayochimba mabaki ya mafaili. Inafanya kazi kama mtu anayeokota vitu baada ya nyumba kubomoka: inaleta kila kinachoonekana kuwa kitu, bila jina, bila tarehe, bila mpangilio. Ilileta picha za vitufe, vipande vya mitihani, barua ya kuomba madawati. Na sauti, mamia ya sauti, nyingi ni milio ya kompyuta yenyewe ya nusu sekunde. Hakukuwa na njia nyingine ila kusikiliza moja moja.

Siku ya pili nikagundua jambo lililonivunja nguvu kabisa. Nilikuwa napitia mafaili ya mfumo nikakuta faili moja la kumbukumbu, lile ambalo kompyuta inajiandikia kila kinachotokea, limekula zaidi ya nusu ya diski. Waya wa printa ulikuwa umelegea, na mashine ilikuwa imelalamika kuhusu waya ule tena na tena, mchana kutwa, miezi mingi, mstari juu ya mstari. Hilo ndilo lililojaza diski. Ningelitazama hilo kwanza, kama nilivyofundishwa, ningelifuta kwa dakika moja na folda za watu nisingezigusa. Nilikaa palepale kwenye stuli. Mlinzi wa shule alikuja kuniuliza kama naumwa.

Siku ya tatu nikamsikia. Kwanza ndege wengi, halafu debe linapigwa, halafu mwanamke anapaza sauti mbali. Kisha yuleyule mwanamke karibu, anahema, anaongea. Kindengereko na Kimatumbi vina maneno mengi yanayofanana, kwa hiyo nilipata nusu na nusu nikabahatisha. Alikuwa anaeleza jinsi walivyokuwa wanakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu shambani, mafuriko yakiwa chini yao. Jinsi ya kupanda ngazi na mtoto mgongoni. Jinsi ya kujua kwa harufu kwamba maji yanapanda, hayashuki. Alisema jambo akacheka, nami nikacheka bila kulielewa. Rekodi ikakatika katikati ya neno.

Nilizipata kumi na tisa. Baadhi nzima, baadhi vipande. Nyingine kumi na mbili hazikurudi. Nilirudia uchimbaji mara mbili nikapata zilezile.

Mwalimu mkuu alikuja Kibiti kwa kikao cha walimu wakuu, na baada ya kikao akapita shuleni. Nilimpa visikizio vya masikioni na kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea njiani kutoka ofisi ya walimu: mwenye boti, yule mwalimu aliyesema "nadhani", uchovu. Nilipomwona amekaa pale na kofia yake magotini, yote yakaniondoka.

"Nilifanya haraka," nikasema. "Nisamehe, mkuu."

Alitikisa kichwa kidogo, akaanza kusikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mara moja alitoa kisikizio kimoja akasema, "Hii si yeye. Hii ni jirani yake, alikuwa amekuja kuomba mundu." Mara nyingine akasema, "Hapa ananigombeza. Anasema narekodi badala ya kufukuza ndege." Mimi niliandika: namba, nani anasema, inahusu nini. Tulizipa majina zote kumi na tisa, tukazipanga kadiri alivyokumbuka.

"Na zile nyingine?" akauliza.

"Zimekwenda."

Akavua visikizio akavizungushia waya wake taratibu. "Nilikuwa na mwaka mzima wa kuziweka mahali pengine," akasema. "Sikuziweka. Hilo ni langu." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Lakini ungeniuliza, dada. Nilikuwa hapo bandarini tu. Nilikwenda kwa ajili yako."

Nilimpa flashi mbili zenye rekodi zote, moja ya shuleni na moja ya nyumbani, na diski yake ikiwa imesafishwa lile faili la malalamiko. Nikamwandikia kwenye karatasi jinsi ya kuirudisha ndani ya mashine na jinsi ya kuukaza waya wa printa. Akaiweka karatasi mfukoni, akaenda kutafuta usafiri.

Bado ananipigia kompyuta ikimsumbua. Ila sasa nikimtajia amri, hataiandika mpaka nimweleze inafanya nini, na kama inafuta, inafuta kipi. Anauliza kwa upole, na anaandika majibu yangu kwenye daftari. Inatuchukua muda mara tatu ya zamani.

Na mimi nimekuwa hivyohivyo kwa wengine. Juzi nilikuwa zahanati moja Mbuchi, mashine imejaa, muuguzi ana wagonjwa wanamngoja nje. Nilianza na mafaili ya mfumo, kisha nikafungua folda moja baada ya nyingine nikimuuliza, hii ni nini, nani ameiweka, bado mnaihitaji? Aliniambia kwa heshima kwamba zamani nilikuwa mwepesi. Nikamwambia ni kweli. Nikamuuliza kuhusu folda iliyofuata.