Fundi wa Bado Pasi Tu

Kwa miaka mingi nilikuwa mwongo, na uongo wangu wote ulikuwa maneno matatu: bado pasi tu. Mteja akija kuulizia gauni lake, nilimwambia bado pasi tu, hali kitambaa chake kiko kwenye mfuko vilevile alivyokileta, hakijaonja hata mkasi. Mafundi cherehani wenzangu watanielewa. Wateja wetu watanielewa zaidi.

Nilishona barazani, nje ya duka la vitambaa pale Mtendeni, mjini Tabora, na bado nashona hapohapo. Duka ni la mama mmoja mjane wa Kiarabu, ambaye wazee wake walikuja na misafara enzi zile wakasahau kurudi Omani. Mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Yeye anauza kitambaa ndani, mimi nakishona nje, na mlango ulio kati yetu hauna hata pazia. Kila nilichomwambia mteja alikisikia. Na Bi Mkubwa, Mungu amzidishie, anapenda kusikia.

Siku moja alikuja mwalimu wa kike kuchukua sketi aliyoifuata mara nne. Nikaona aibu kumwambia bado pasi tu kwa mara ya tano, nikatafuta uongo mpya. Nikamwambia, "Mwalimu, umeme unatuonea. Umekatika tangu asubuhi." Yule mama alitazama chini, kwenye miguu yangu, iliyokuwa inakanyaga cherehani ya miguu kama kawaida, trr, trr, trr. Mle dukani nilisikia Bi Mkubwa anacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikasirika. Badala ya kuomba radhi, nilimwambia mwalimu kama ana haraka achukue kitambaa chake aende. Akakichukua, akaenda.

Ndivyo nilivyokuwa. Kila mtu nilimwambia "lete tu, kesho kutwa inshallah", na akija kudai nilimpandishia sauti kabla hajanipandishia. Nilijiona nina moyo mwema, kwa kuwa sikumnyima mtu.

Bi Mkubwa alikuwa kinyume changu, na nilimwona kila siku kwa miaka bila kumwona. Alifungua duka saa mbili. Ikiadhiniwa adhuhuri alifunga, akaswali, akala, akajinyoosha kidogo, akafungua tena alasiri. Sikuwahi kumwona anakimbia. Mteja akija na jambo ambalo hakuwa na nafasi nalo, alimwambia, "Leo sikuwezi. Njoo Jumanne baada ya alasiri," na Jumanne baada ya alasiri utamkuta amekwisha kukitoa kitambaa, kiko mezani. Watu walinuna kidogo, halafu wakarudi Jumanne.

Na watu wakali aliwaweza. Nakumbuka mama mmoja aliyetoka Kaliua na treni, kitambaa kilichochuja rangi mkononi, anapiga kelele kuanzia barabarani. Bi Mkubwa alimsogezea kiti. "Kaa, mwanangu. Umeamkaje? Safari?" Yule mama alijibu kwa hasira kwamba safari nzuri. "Watoto?" Hawajambo. "Mvua huko kwenu?" Mpaka wamalize mvua za Kaliua, sauti ilikwisha shuka. Ndipo Bi Mkubwa alipokishika kile kitambaa, akakitazama kwenye mwanga, akasema, "Umesema kweli. Kimechuja." Akamkatia kingine. Mimi ningeanza kwa kumwuliza alikifua na sabuni gani.

Niliyaona hayo yote na nikayaita uzee. Nilidhani ana utulivu kwa kuwa damu yake imepoa.

Sasa nije kwa dada yangu. Mama alitutoka nikiwa mdogo, na dada ndiye aliyenibeba mgongoni, akanifua, akanipeleka kwa mkono wake kwa fundi aliyenifundisha kushika mkasi. Alipoolewa alihamia Igunga, na huko analima mpunga na mumewe. Bintiye wa kwanza alipopata mchumba, dada hakuwaza fundi mwingine. Alinitumia kwa basi vitenge vya sare, yake na ya ndugu wanawake saba, harusi Jumamosi. Nikamwambia, "Alhamisi zitakuwa kwenye basi, inshallah."

Wiki hiyohiyo sikukuu ilikuwa inakaribia na nilikwisha kupokea nguo za nusu ya Mtendeni. Jumatatu dada alipiga simu. Bado pasi tu, nikamwambia. Jumatano akapiga tena, bado pasi tu, na vitenge vyake vilikuwa chini ya meza, vimefungwa kamba ileile aliyoifunga yeye. Nilianza kuvikata Alhamisi. Kifurushi kilipanda basi Jumapili.

Harusini sikwenda, nguo za watu zilinifunga; nilisimuliwa kwamba upande wa bwana harusi walikuja wamevaa sare, wanameremeta. Dada yangu, mama wa bibi harusi, alitoka mbele ya watu na kitenge chake cha kanisani cha siku zote.

Alinipigia Jumatatu asubuhi. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia?" Laiti angetukana. Aibu ilinipanda hadi masikioni, na aibu ya mtu mkali ikitoka mdomoni huwa matusi. Nikamjibu kwamba mimi si mashine, nina mikono miwili, kama aliona sifai angetafuta fundi huko kwao. Yeye, aliyenibeba mgongoni. Akakata simu.

Hakupiga tena. Ikapita miaka miwili. Nilipopiga mimi, alipokea shemeji, akaniambia dada yuko shambani. Hata mvua inanyesha, yuko shambani. Tulikutana mara moja tu, Nzega, kwenye msiba wa mjomba. Sisi nyumbani tunasema Kinyamwezi, hatujawahi kusalimiana kwa lugha nyingine. Nikamwendea nikasema, "Mwangaluka, dada." Akanipa mkono, akajibu kwa Kiswahili, "Salama. Habari za Tabora?" Hivyo ndivyo anavyosalimiwa afisa kilimo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la msiba, na watu wakadhani namlilia mjomba.

Niliporudi Tabora nilishindwa kazi. Bi Mkubwa alifunga duka adhuhuri kama kawaida, lakini badala ya kuingia ndani akakaa kwenye benchi langu. Nikamweleza yote. Nilitegemea pole. Aliingia dukani, akatoka na kipande cha kitambaa cheupe, akanirushia.

"Nikatie kanzu ya mjukuu wangu, yule mrefu."

Nikakipima kwa jicho tu. "Hakitoshi, Bi Mkubwa."

"Jaribu."

"Hakitoshi. Yadi mbili hizi. Hata nikivute vipi hakitoshi."

"Mbona umesema upesi hivyo? Hukuogopa nitanuna?"

"Nitaogopaje? Kitambaa hakitoshi ni hakitoshi. Nikikubali nitakuharibia."

Akanitazama kwa yale macho yake ya kucheka. "Basi fundi, siku zako huzipimi kwa nini? Siku ya yadi mbili unaikatia kanzu kumi. Halafu unasema inshallah. Usimtwike Mungu kitambaa ambacho hujakifungua."

Nilitaka kumjibu vibaya. Kweli nilitaka, jibu lilikuwa limekwisha fika kwenye meno. Lakini neno lile, hakitoshi, lilinikaba. Maisha yangu yote nimewaambia watu hakitoshi, bila woga, bila chuki, na wao wakakubali wakaenda kuongeza yadi. Sikuwahi hata mara moja kumwambia mtu kwamba siku haitoshi.

Kuanzia wiki ile nilifanya hivi, na si jambo la ajabu. Nilikata vikaratasi, na kila kitambaa kilichopokelewa nilikibana na kikaratasi chenye siku ya kushonwa kwake, mbele ya mwenyewe. Siku moja vitambaa vitatu. Cha nne, nilisema siku haitoshi, tuangalie ya pili yake. Na kwa ule ukali wangu, Bi Mkubwa alinipa dawa ya kifundi. Mteja akianza kugomba, nishike sindano na uzi. Nisijibu mpaka uzi uingie tunduni. "Mkono wenye hasira hautungi uzi," alisema. Asiyeamini ajaribu aone. Wakati mwingine mteja alimaliza kugomba, akapumua, akakaa, mimi bado nalamba ncha ya uzi. Na jibu lililotoka baada ya hapo lilikuwa fupi na la adabu, hata mimi mwenyewe nililishangaa.

Haikuwa rahisi. Wengine waliondoka. Kijana mmoja wa kiume mwenye suruali ya kupunguza aliniuliza, "Oya fundi, unakataaje kazi? Umeshiba nini?" Siku moja nilirudia tabia yangu, nikamwambia mama mmoja bado pasi tu, kwa mazoea tu, na mle dukani nikasikia kikohozi kikavu. Nikanyanyuka, nikamwita yule mama aliyekwisha fika njia panda, nikamwambia, "Samahani mama, nimekudanganya. Sijaikata. Itakuwa tayari Ijumaa." Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anasema. Ijumaa akaja na dada zake wawili, kila mmoja na kitenge chake.

Kidogo kidogo nikaanza kumaliza kazi jua lingali juu. Nikala na mke wangu na watoto. Nikagundua pia kwamba ule uzee niliodhani umempoza Bi Mkubwa haukuwa uzee. Jirani mmoja mkongwe aliniambia kwamba Bi Mkubwa alipokuwa binti alikuwa moto, aliwahi kumfukuza mchuuzi kwa yadi ya chuma, ile ya kupimia vitambaa, mpaka sokoni. Utulivu ule aliutengeneza mwenyewe, siku kwa siku, hapohapo kwenye kaunta, na hakuna aliyempigia makofi. Nilipolijua hilo nilimheshimu mara mbili. Aliyezaliwa mpole ana bahati yake, lakini huyu alijishona upya.

Halafu, wiki chache kabla ya sikukuu nyingine, simu ikaita mchana. Jina la dada. Kwa haraka nikaibonyeza vibaya, ikabidi apige tena.

"Shikamoo dada." Sikuthubutu kumwamkia kwa Kinyamwezi.

"Marahaba. Hujambo?" Kwa Kiswahili kilekile cha msibani. "Huyu wa pili naye anaolewa. Wiki mbili zijazo, Jumamosi. Sare ni kumi na mbili. Utaweza?"

Sijui kama alikuwa ananiomba au ananipima. Ninachojua ni kwamba moyo wangu wote ulisema lete. Lete hata mia. Miaka miwili nimengoja simu hii, leo nimnyime? Nikageuka nikatazama rafu ya vitambaa. Kila siku mpaka sikukuu ilikuwa imejaa, isipokuwa nafasi moja, Jumatano. Ningeweza kubandua vikaratasi vya watu, nikaiba siku zao, halafu nikawaambia bado pasi tu. Njia hiyo niliijua kwa kufumba macho. Na nilijua nikimkatalia huenda hatapiga tena mpaka tuzikane.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Hakukohoa. Safari hii aliniachia mwenyewe.

Nikaibana simu begani, nikashika sindano, nikatunga uzi.

"Dada," nikasema, "siku hazitoshi. Nimebakiwa na nafasi ya nguo moja tu, Jumatano. Nitashona yako. Hizo nyingine tafuta fundi leo hii, usingoje kesho, maana sikukuu hii mafundi wote wamejaa. Nikikwambia naziweza nitakuwa nimekudanganya tena, na ile ya kwanza sijailipia bado. Nilikukosea, dada. Nilikukosea sana."

Nikaitoa simu sikioni kutazama kama amekata. Hakuwa amekata. Nilisikia kuku wa kwao, na mtu kwa mbali anatwanga.

"Moja?" aliuliza.

"Moja, dada. Yako."

Akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo kichwani.

"Basi usitume mtu kukipokea kitenge stendi," akasema. "Jumapili nakileta mwenyewe. Mwambie wifi nitalala kwenu."